Mbio za Ukingoni

Safu ya Sintra, magharibi mwa Lisbon, haina urefu wa kujivunia. Kilele chake, Cruz Alta, kina mita 528 tu, na mtu wa Usambara akikiona atauliza mlima wenyewe uko wapi. Lakini mpeleke akashuke mbio kutoka kikanisa cha Peninha hadi rasi ya Cabo da Roca, asubuhi ukungu ungali umelala, ndipo atajua kwamba ugumu wa njia haupimwi kwa mita. Juu kuna matale, mawe makubwa ya mviringo yenye utelezi wa kijani. Chini yake kuna mizizi ya miwati iliyoletwa kutoka Australia ikajitwalia msitu. Kisha miti inakatika, vichaka vinafika magotini, udongo unakuwa mkavu wenye kokoto, na mbele yako pana genge la mita 140 na Atlantiki. Ulaya bara imeishia hapo.

Mbio hizi si zile za nyika tulizokimbia shuleni, za kuzunguka uwanja wa nyasi huku mwalimu wa michezo akipuliza filimbi. Ni kukimbia kwenye vijia vya watu na wanyama, kilomita kumi, thelathini, hata mia, na anayepanga mwendo ni ardhi. Saa ya mkononi hufuata tu. Ureno inafaa kwa kazi hii kuliko nchi nyingi kubwa kuliko yenyewe, kwa kuwa vilima vyake havikai mbali na bahari, na aina ya mwamba hubadilika kabla mguu haujazoea ule wa kwanza.

Kushuka ndiko kunakomtenga fundi na mwanagenzi. Mtazame anayejua. Hatua zake ni fupi, nyingi, na kila moja inatua chini ya kiuno chake. Mwanagenzi huegemea nyuma na kutanguliza kisigino ili apunguze kasi, na kisigino juu ya tale lenye umande hakimshiki mtu. Mikono ya fundi imetanuka, viwiko viko nje, inapepea ikitafuta mizani. Kocha wa uwanjani angeona aibu. Macho nayo hayapo miguuni. Yako hatua nne au tano mbele, yanachagua: jiwe lile ni kavu, mzizi ule urukwe, pale penye majani yaliyopukutika pasiaminiwe kwa kuwa hayasemi yanafunika nini. Mguu unakanyaga kile ambacho jicho lilikiona punde na limekwisha kukiacha. Ndiyo maana huwezi kushuka vizuri huku unawaza kodi ya nyumba. Wazo moja tu la pembeni, na kifundo kimepinda.

Kupanda hakuna siri kubwa. Ukifika penye mwinuko mkali, tembea. Weka viganja juu ya magoti, sukuma, pumua. Walio bora kabisa hufanya hivyo bila kuona haya. Anayeona haya ni yule aliyeanza mwezi jana.

Kinachonivuta zaidi ni kwamba vijia hivi, karibu vyote, havikuchorwa kwa ajili ya mkimbiaji. Viliachwa na watu waliokuwa na shughuli zao. Ndani ya msitu wa Sintra kuna makao ya watawa ya Capuchos, yaliyoanzishwa mwaka 1560, vyumba vidogo vilivyotandikwa magome ya mwaloni kuzuia baridi. Watu waliishi humo, wakahitaji maji, kuni na chakula. Palikuwa na wachanja kuni na punda wao, na punda mwenye mzigo hapandi kilima moja kwa moja. Kwa hiyo kona nyingi zina sababu: hapa pana chemchemi, pale mwamba hauna pa kuzungukia, kule mteremko ulimshinda mnyama. Mkimbiaji akiishika sababu, huijua kona kabla hajaiona.

Ukitaka kuona njia isiyojali miguu ya mtu, nenda kwenye vilima vya mikaratusi. Ureno imeipanda kwa wingi kulisha viwanda vya karatasi, na mkaratusi huwaka vibaya. Baada ya moto wa Pedrógão Grande wa Juni 2017, ulioua watu 66, hakuna mwenye akili atakayezilaumu zile njia pana za kuzuia moto zinazochongwa na tingatinga. Zinaokoa roho. Ila kwa mbio ni adhabu tupu: zinapanda wima na kushuka wima, kokoto zimevurugwa, kivuli hakuna, wala hakuna cha kuchagua isipokuwa kuvumilia. Nikiona kwenye ramani mstari ulionyooka unaokata mistari ya mwinuko iliyobanana, hutafuta pengine pa kupita.

Pwani ina mambo yake. Kusini mwa Sines huanza Trilho dos Pescadores, njia ya wavuvi, sehemu ya mtandao wa Rota Vicentina uliofunguliwa mwaka 2012. Leo inafika Lagos, zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa yake imeshika ukingo wa magenge ndani ya hifadhi ya pwani. Walioichimba kwa nyayo ni wavuvi wa mshipi waliokuwa wakienda kwenye vituo vyao vya kuvulia, pamoja na wale wanaoshuka kwenye miamba kubandua percebes, viumbe vinavyong'ang'ania jiwe pale pale ambapo wimbi linapiga kwa nguvu zaidi, na ambavyo huuzwa ghali kwa sababu hiyo.

Kipande cha kutoka Porto Covo hadi Vila Nova de Milfontes kina kilomita 20 hivi. Kwenye karatasi ni tambarare, na karatasi imewadanganya wengi. Ni mchanga, tena mchanga laini wa vilima vilivyopeperushwa na upepo, unaomeza kila msukumo wa kidole gumba. Hapo mtindo wa milimani hautumiki. Unaweka wayo wote chini kwa upole, unafupisha hatua, unauacha mguu unyanyuke wenyewe. Anayesukuma kwa vidole anajichimbia shimo, na vigimbi vyake vitamweleza habari zake jioni. Mtu wa pwani yetu ana faida hapa. Anayejua bamvua na maji mafu ataulizia kwanza saa za maji, kwa maana bahari ya huko hupanda na kushuka mita tatu au zaidi wakati wa bamvua. Maji yakipwa, baadhi ya fukwe hufunua mchanga mgumu wenye unyevu, na unaweza kutelemka kutoka gengeni ukapata kilomita nzima ya raha. Maji yakijaa, njia hiyo haipo tena; kuna ukuta wa mwamba kwa upande mmoja na wimbi kwa upande wa pili, na hapo habari za mbio zimekwisha.

Kuna pia upepo. Wakati wa kiangazi huvuma kutoka kaskazini, mkali hasa alasiri, wenyewe wanauita nortada. Kwa hiyo watu hukimbia kuelekea kusini, upepo ukiwa mgongoni, wakikubali jua la usoni kuwa ndiyo bei yake.

Alama za njia ni mistari miwili ya rangi, kijani na buluu, iliyopakwa kwenye nguzo au jiwe. Ikiwa sambamba, endelea. Ikipishana msalaba, hapo sipo, rudi. Shida ni kwamba mvuvi na mkimbiaji hawaendi mahali pamoja. Kila baada ya mwendo kidogo njia inagawanyika, na mara nyingi tawi lililokanyagwa zaidi ndilo la mvuvi: linakwenda moja kwa moja mpaka kwenye mdomo wa genge na kukomea hapo, penye kipande cha mshipi kilichotatizana na chupa tupu. Mvuvi amefika kazini. Mkimbiaji aliyekuwa akitazama saa yake ana nafasi ya hatua mbili au tatu kubadili mawazo. Wahenga waliosema mbio za sakafuni huishia ukingoni hawakuwa na pwani hii ya Alentejo akilini, lakini wangeweza kuajiriwa huko kuandika mabango.

Karibu na rasi ya Sardão, kwenye pwani hiyo hiyo, korongo weupe hujenga viota juu ya nguzo za miamba zilizosimama baharini, jambo wasilolifanya mahali pengine popote duniani. Mnara wa taa wa hapo, wenyeji hupenda kusimulia, ulijengwa kinyume, mnara ukiwa upande wa bara badala ya baharini. Msimu wa makinda, mkimbiaji mwenye adabu hupunguza mwendo na kukaa mbali na ukingo.

Wareno waliujua utamu wa ardhi mbovu zamani, kabla ya raba zenye meno. Carlos Lopes alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tatu, mwaka 1976, 1984 na 1985, na taji la mwisho alilitwaa mbele ya watu wake mjini Lisbon. Katikati ya mataji hayo, Agosti 1984, akiwa na umri wa miaka 37, alishinda marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles. Juma Ikangaa wetu alimaliza wa sita, Joseph Nzau wa Kenya wa saba. Watu husifu mapafu ya Lopes. Mimi husifu vifundo vyake, kwa kuwa mguu uliokulia kwenye matope na mabonde haufi ganzi kilomita ya 35 kwa sababu tu lami imenyooka.

Arrábida, kusini mwa Lisbon, nitaipita haraka. Inapendeza kutazama, mlima ukiangukia bahari iliyotulia, lakini mwamba wake wa chokaa una meno kama matumbawe ya kwetu, na anayeanguka pale hachubuki, anachanika. Ukigeukia bara, kwenye mashamba ya mwaloni wa vizibo, mambo ni mepesi zaidi. Shina lililobanduliwa karibuni ni jekundu, na juu yake imepakwa tarakimu moja nyeupe: 4 maana yake lilivuliwa gome mwaka ulioishia na 4, na haliguswi tena mpaka ipite miaka tisa. Ardhi chini yake ni wazi, imechungiwa mifugo, na mguu unapumzika.

Lousã, karibu na Coimbra, ndiko ninakokupenda kuliko kote. Vijiji vya Talasnal, Casal Novo na Candal vimejengwa kwa jiwe la kahawia linalopasuka bapa, kuanzia kuta mpaka ngazi za njia. Likiwa kavu, hakuna jiwe linaloshika soli vizuri zaidi. Likilowa halishiki kitu. Watu wengi walivihama vijiji hivyo katika karne ya 20, wakaenda mijini na ng'ambo, na vijia vyao vya kwenda kwenye vinu vya maji na bustani vikamezwa na miiba. Baadhi vimefunguliwa upya, na wakimbiaji wa maeneo kama hayo huenda kuvisafisha wenyewe, mundu mkononi. Anayejua kazi hafyeki kwa kunyoosha. Kila mahali kijia kinapopinda husimama na kuchokora vichaka kwa ncha ya mundu mpaka apate kilichowapindisha watu wa zamani, na mara nyingi hukuta mfereji uliozibwa na majani, maji bado yakipita chini yake.