Heko, Watunza Ua wa Dandora

Mkurya hahitaji kufundishwa maana ya ua. Mji wa jadi ulijengwa kuzunguka zizi: nyumba zilitazamana, na kilichokuwa katikati kilimhusu kila mtu. Lakini ua wa mjini, ambako wapangaji huja na kuhama, ni wa nani?

Jibu limetoka Dandora, Nairobi. Mtaa huo ulianza kujengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nyumba zikizunguka nyua za pamoja. Baadaye ghorofa zikapanda, jaa kuu la jiji likiwa jirani, na nyua nyingi zikageuka matope na takataka. Cha wote kikawa hakina mwenyewe.

Ndipo vijana wa ua wa Mustard Seed wakashika majembe na reki. Wakazoa taka, wakapanda miti na maua, wakapaka kuta rangi, watoto wakapata pa kuchezea. Wakazi nao wakachangia usafi na ulinzi kidogo kidogo. Kisha yakaja mashindano ya nyua bora, na majirani wakaiga.

Kiswahili kiliona mbali: ua wa nyumba na ua la bustanini vinatamkwa sawa. Kupanda maua ni kazi ya asubuhi moja. Kumwagilia mpaka kiangazi kiishe, tena kwa maji ya kununua kwa mtungi, ndiyo sifa. Mikono yenu isikauke!