Kinu cha William hakikulipa minerval



Kila mwaka, bourse za shule za ng'ambo zikifunguliwa, kuna filamu inarudi kwenye simu zetu: The Boy Who Harnessed the Wind, ya Chiwetel Ejiofor, iliyotoka 2019. Mtu anaituma kwa wadogo zake na kuandika chini: «Angalia, na weye unaweza.» Nimeiangalia mara tatu. Na kitabu chenyewe, kile William Kamkwamba aliandika pamoja na Bryan Mealer na kikatoka 2009, nimekisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Filamu ni nzuri, sikatai. Lakini namna inaeleza uhusiano wa akili na shule si ya kweli, na hiyo inatugusa mpaka huku Songo.

Nianze na uzuri wake. Ejiofor mwenyewe anacheza baba, Trywell, mkulima mwenye heshima na hofu. Kijana Mkenya, Maxwell Simba, anacheza William. Njaa ya Malawi ya 2001 na 2002 inaonyeshwa bila haraka: chakula kinakuwa mara moja kwa siku, mahindi yaliyobaki yanaibwa, baba na mtoto wanagombana juu ya baiskeli. Na William anatolewa shuleni kwa kukosa ada. Sisi tunasema «amefukuzwa minerval», na hakuna mtu wa Uvira anayehitaji kuelezwa ile sura ya mtoto anayerudi nyumbani saa tatu asubuhi na kalamu mfukoni.

Sasa shida. Kwenye filamu, William anajenga kinu cha upepo, kinu kinavuta maji, maji yanaingia shambani, njaa inaisha. Miye nina licence ya agronomie, na hapo roho yangu inakataa. Dinamo ya baiskeli inawasha balbu. Kunywesha shamba la mahindi ni hesabu nyingine kabisa. Wenye mashamba kwenye uwanda wa Ruzizi wanajua mahindi yanataka maji kiasi gani wakati wa kutoa maua. Kitabu kinasema ukweli: njaa iliisha kwa sababu mvua ilinyesha na mavuno ya 2002 yakafika. Kinu kilikuja baadaye, na kilikuwa cha taa na redio. Pampu ya maji ilikuja miaka mingine mbele. Kitabu kinataja pia mambo ambayo kinu hakiwezi kutengeneza: bei ya mbolea iliyopanda, na akiba ya mahindi ya taifa iliyouzwa.

Mtu atasema: filamu ni filamu, inafupisha. Sawa. Lakini angalia ni nini kilifupishwa. William alitoka shuleni mwanzoni mwa 2002. Kinu chake cha kwanza kilisimama mwaka ule ule, na watu wa Wimbe walikuja kukishangaa. Je, alirudi darasani? Hapana. Kinu kilizunguka karibu miaka minne na mwenye kinu alikuwa bado nje ya shule. Ni mwisho wa 2006 afisa mmoja wa elimu, Hartford Mchazime, alikifikia na waandishi wa habari wakafuata. Mwaka 2007 William akapanda jukwaa la TED kule Arusha, na watu aliokutana nao pale wakasaidia kulipa masomo. Alipokaa tena darasani, miaka mitano ilikuwa imepita. Mwaka 2008 akaingia African Leadership Academy ya Johannesburg, shule ya bweni inayokusanya vijana kutoka pande zote za Afrika na iliyokuwa inapokea wanafunzi wake wa kwanza. Ni shule ya vijana wa miaka kama 16 hadi 19. Yeye alikuwa na 21. Kutoka pale akaenda Dartmouth College, Marekani, akamaliza 2014.

Kwa hiyo kinu hakikulipa minerval. Kilicholipa ni kuonekana. Kama yule afisa angepita barabara nyingine, akili ya William ingekuwa ile ile, na shule ingekosekana vile vile. Filamu haitupi hata siku moja ya ile miaka ya kungoja, wala siku moja ya lile bweni la Johannesburg. Inatuacha na wazo kwamba mtoto akibuni kitu kikubwa, mlango utafunguka wenyewe.

Hilo wazo limeshafika kwetu. Mdogo wangu mmoja, yuko humanités, alileta fomu ya shule moja ya kimataifa ili nimusaidie. Kulikuwa swali: umebadilisha nini katika jamii yako? Akakaa kimya, kisha akasema: «Yaya, miye sina mradi.» Huyu mtoto anaamka usiku kuteka maji, anamusaidia mama kuuza ndagala, na bado ni wa kwanza darasani. Kwake hayo hayahesabiwi, juu hayafanani na kinu. Nilimwambia aandike hayo hayo. Tuliandika siku mbili kwa Kiingereza, lugha ambayo shule ya Kifaransa ilimpa saa chache tu kwa juma.

Sisemi kuondoka ni kubaya. Waterford Kamhlaba ilifunguliwa Eswatini mwaka 1963, wakati sheria za Afrika Kusini zilikuwa zinatenganisha watoto kwa rangi. Bweni ng'ambo ya mpaka lilifanya kitu ambacho nyumbani kilikatazwa. Leo iko katika familia ya United World Colleges, sawa na ile ya Moshi na Arusha. Mtoto wa Uvira akipata nafasi hapo, nitamsindikiza mpaka bandarini Kalundu na kupiga vigelegele. Lakini shule hizo zinachukua wachache sana, na William mwenyewe hakuanza kwa kuota Johannesburg. Alitaka kubaki Kachokolo, sekondari ya kawaida ya kijijini kwao, na ada ya pale ndiyo ilimshinda.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote kitabuni ni ndogo: maktaba ya shule ya msingi ya Wimbe, rafu chache, vitabu vya msaada, na mama mmoja aliyemruhusu mtoto asiye mwanafunzi kuazima. Kwenye filamu inabidi mwalimu abanwe kwanza kwa siri yake ndipo mlango wa vitabu ufunguke. Kitabuni mlango ulikuwa wazi, na hiyo kwangu ni habari kubwa kuliko kinu, juu ni kitu ambacho wenye lisansi ishirini wa mtaa mmoja wanaweza kufanya bila kungoja mfadhili.

Basi tuendelee kutumiana filamu, na fomu tuzijaze mapema. Lakini anayemtumia mdogo wake maneno «na weye unaweza», amuulize pia kama muhula huu minerval imelipwa.