Uzito na Tungamo: Kasoro Moja katika Istilahi za Fizikia

Katika maandishi ya kufundishia sayansi, mara kwa mara tunakuta kanuni aliyoitangaza Isaac Newton mwaka 1687 ikielezwa hivi: kadiri uzito wa vitu viwili unavyozidi, ndivyo vinavyozidi kuvutana. Maelezo hayo yanasomeka kwa urahisi, lakini istilahi yake humficha mwanafunzi kiini cha kanuni yenyewe.

Kifizikia, uzito ni kani ambayo dunia hukivuta kitu. Kusema kwamba uzito ndio uletao mvutano ni kuyafanya matokeo kuwa sababu. Sababu ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Tungamo la kitu kimoja likiwa maradufu, kani nayo huwa maradufu; ya vyote viwili yakiwa maradufu, kani huwa mara nne, mradi umbali baina yao usibadilike. Kitu chenye tungamo la kilo 1 kina uzito wa niutoni 9.8 hivi duniani na niutoni 1.6 mwezini, ilhali tungamo lake ni lile lile.

Jaribio la Henry Cavendish la mwaka 1798 ladhihirisha hoja yetu. Tufe zake kubwa za risasi, kila moja ya kilo 158 hivi, zilizivuta tufe ndogo kwa upande. Uzito huvuta kuelekea chini. Basi mwalimu asiye na neno ila "uzito" atalielezaje jaribio hilo?

Wapo wasemao kuwa "tungamo" hukumbusha damu iliyotungama. Twakubali, lakini wazo la vitu kukusanyika pamoja haliko mbali na maana inayotakiwa. Wala hatukusudii kumsahihisha muuza sukari asemaye "uzito wa kilo mbili". Lugha ya soko ina haki yake. Tunachodai ni usahihi wa darasani.

Aidha, tunashauri "mvutano" litumike badala ya "mvuto" katika kanuni hii. Kiambishi -an- chaonyesha kutendana: jiwe nalo huivuta dunia kwa kani iliyo sawa. Hapo sarufi yetu yenyewe yafundisha fizikia, nasi tusiitupe hazina hiyo.