Alama za Njiani na Majina Yasiyotajwa: Habari za Akheri

Katika nchi hii ya chini ya mlima Meru zipo alama nyingi za kuwakumbusha wapitao njia mambo ya kale: minara, makaburi, mabao na majengo. Walimu wengi huwapeleka wanafunzi wao kuzitazama, na jambo hilo ni jema. Walakini ni wachache wazipimao alama hizo kama tupimavyo kitabu, yaani kuuliza zasema nini, zanyamazia nini, na kwa maneno gani. Twapenda kufanya hivyo hapa kwa kifupi, tukitazama zaidi Akheri.

Tuanze mjini Arusha, kwenye Mnara wa Saa. Watu husema kwamba hapo ndipo nusu ya njia baina ya Cape Town na Cairo. Mwalimu mwenye ramani aweza kulipima neno hili darasani. Cairo iko digrii 30 kaskazini ya ikweta, na Cape Town karibu digrii 34 kusini. Basi nusu yake ni digrii 2 hivi kusini, nayo Arusha imepita digrii 3. Ni kweli kwamba njia za nchi kavu zina mizunguko yake, na kosa kama hili halimdhuru mtu. Hata hivyo latufundisha kwamba neno lisemwalo mara nyingi mbele ya mnara huaminiwa kwa ajili ya mnara, si kwa ajili ya ushahidi.

Huko Akheri jambo ni zito zaidi. Mtu atokaye Arusha kwenda Moshi akifika Tengeru hukata kushoto, akapanda katikati ya migomba na mibuni mpaka Akheri. Hapo ndipo walipouawa wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896. Makaburi yao yapo, na kila aandikaye habari za Kanisa katika nchi hii huwataja. Ni haki watajwe: walikuwa vijana waliotoka nchi za Baltiki, wakafa mbali na kwao.

Lakini wasomaji wetu na walitazame neno lenyewe tulilolizoea, “waliuawa.” Kitenzi cha kutendwa katika Kiswahili chaweza kusimama peke yake, bila kumtaja mtenda wala sababu yake. Waliuawa na nani? Na vijana wa vita wa Wameru na Waarusha. Kwa nini? Hapo ndipo kimya kianzapo. Kapteni Johannes wa jeshi la Wadachi alikuwa amepiga kambi karibu na mahali pale pamoja na askari wake, na kambi yake nayo ilishambuliwa. Machoni pa vijana wale, hema ya mmisionari na hema ya kapteni zilikuwa za safari moja. Neno hili haliwapi haki waliomwaga damu, bali lamsaidia mwanafunzi kufahamu yaliyotukia.

Kimya cha pili ni juu ya Wachagga waliofuatana na wamisionari kutoka Kilimanjaro, wakafa pamoja nao. Hao hutajwa kwa jumla tu, kana kwamba kufa kwao kulikuwa sehemu ya kufa kwa wengine. Kimya cha tatu ndicho kikubwa kupita vyote. Baada ya siku chache Johannes alirudi na askari, na jeshi kubwa la Wachagga likimfuata. Watu wengi wakauawa, ng'ombe wakatekwa, nyumba zikachomwa na migomba ikakatwa. Basi Mchagga yumo katika habari hii pande zote mbili. Tena mnamo Machi 1900, huko Moshi ya Kale, Wadachi walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, na Mangi Lobulu wa Meru alikuwa miongoni mwao. Misheni ilipopata makao Nkoaranga mwaka 1902, iliwakuta watu waliokwisha pita katika hayo yote. Awafundishaye watoto habari ya usiku mmoja tu wa Akheri amewapa ukurasa mmoja uliong'olewa katika kitabu.

Tulinganishe na makaburi ya Wapolandi yaliyoko Tengeru, mwendo mfupi chini ya Akheri. Wakati wa vita kuu ya pili wakimbizi wapatao 5,000, waliokwisha hamishwa kwao kwa nguvu na kupita Uajemi, walikaa hapo. Waliofariki walizikwa kila mtu kaburi lake, na mahali hapo pangali patunzwa. Hatusemi kwamba Wapolandi walipendwa kuliko wenyeji. Twasema kwamba walikuwa na jamaa walioyaandika majina mapema. Kadhalika Wameru wapatao 3,000 waliofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, nyumba zao zikachomwa moto, habari yao haikupotea, maana Kirilo Japhet aliipeleka mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, ikaandikwa.

Basi yatupasa kufanya nini? Hatutaki makaburi ya Akheri yapunguziwe heshima. Twataka tu, mwalimu asimamapo hapo na wanafunzi, aseme habari nzima: wamisionari wawili, Wachagga waliokufa nao, Wameru na Waarusha waliokufa baada yao. Tena awatume wanafunzi kwa wazee wa koo, huku Meru na huko Uchaggani, waulize majina ambayo bado yakumbukwa, wayaandike pamoja na jina la aliyeyasema. Wachagga hupanda masale mipakani na makaburini, na jani la masale ndilo lipelekwalo kuomba msamaha. Watoto wa hao wote leo huketi pamoja darasani na kanisani. Wakipanda masale Akheri kwa ajili ya wale wasiotajwa, haitahitaji mnara wala fedha nyingi, ila tu kwanza wawe wamekwisha ambiwa ni kwa ajili ya nani.