Nani Kamwaga Unga wa Rudy Hertz?

Riwaya ninayotaka tuijadili ni ya zamani, tena ya Mmarekani: Player Piano ya Kurt Vonnegut, iliyotoka mwaka 1952. Jina hilo ni la ile piano inayojipiga yenyewe. Inasoma matundu kwenye karatasi, vibonyezo vinapanda na kushuka, mpigaji hayupo. Utaniuliza, kulikoni kufukua kitabu cha kale wakati mjini hakuna gumzo ila akili mnemba (wengine wanasema akili bandia, wengine akili unde, shauri yao)? Ndiyo maana nimekifukua. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022 nimesoma makala chungu nzima za kututisha au kutubembeleza kuhusu ajira. Sijaona hata moja iliyoligusa jambo lenyewe kama kurasa chache za kitabu hiki.

Ilikuwa riwaya yake ya kwanza, nyie chipukizi wenzangu zingatieni hilo. Vonnegut alikuwa akifanya kazi ya uhusiano katika kampuni ya General Electric mjini Schenectady, na huko aliona mashine ya kukata chuma ikiongozwa na kompyuta badala ya mkono wa fundi. Akaenda akaubuni mji wa Ilium: mashine zinafanya kazi zote, mameneja na wahandisi wenye shahada wanakula kuku, na waliobaki wanapelekwa jeshini au kuziba mashimo ya barabara.

Sasa huyu Rudy Hertz. Ni fundi wa kukereza vyuma. Zamani, wahandisi watatu vijana, mmoja wao Paul Proteus ambaye ndiye mhusika mkuu, walitafuta fundi hodari kuliko wote wakaletewa Rudy. Wakafunga vyombo kwenye mashine yake, wakarekodi kwenye utepe kila mkono wake ulivyokwenda. Basi. Utepe ule ukaendesha mashine nyingi, na vibarua vya mafundi vikaota nyasi. Rudy mwenyewe alipokuwa akirekodiwa alijaa fahari kwamba kachaguliwa yeye! Miaka imepita, Paul kawa bosi mkubwa, anamkuta baa. Mzee kachoka, macho hayaoni vizuri, masikio ndiyo kabisa. Hana kinyongo. Anatia sarafu kwenye piano ili imtumbuize mgeni wake, anamwonyesha vibonyezo vinavyokwenda kana kwamba kuna mtu kakaa pale. Mwandishi mwingine angetupiga hotuba kurasa tatu. Vonnegut anapita zake.

Mashine haikumshinda Rudy. Mashine ni Rudy, ila haidai mshahara. Na hii akili mnemba haikuota kuandika kama uyoga. Imelishwa maandishi ya watu, vitabu, magazeti, barua, mabishano ya watu wasiojuana. Tofauti ni kwamba Rudy aliitwa, akajua anarekodiwa.

Nilipomaliza kidato cha nne nilishika kibarua cha kuchapa kwenye steshenari. Watu hudhani kazi ile ni kubonyeza tu. La hasha. Mtu anakuja na shida yake mdomoni, “dogo, niandikie barua ya kuomba kazi ya ulinzi”, halafu anaanza kusimulia mpaka habari za mkwewe. Wewe unasikiliza, unachuja, unapanga. Mazungumzo ya wahusika wangu nimeyaokota pale. Siku hizi mteja anakuja na barua imeshaandikwa na mashine ndani ya simu, Kiingereza kimenyooka kama rula, anataka imtolewe kwenye karatasi tu. Tajiri wa duka hajapata hasara, karatasi inalipiwa ile ile. Kijana anayeshika kazi ile leo ndiye hasikii tena habari za mkwe. Wanaohesabu ajira zilizopotea hawatamhesabu, maana kazi anayo.

Kuna mahali pengine panapotuhusu sisi moja kwa moja. Mwanamke mmoja anajiuza barabarani. Mumewe ni mwandishi. Muswada wake umekataliwa kwa kuwa ni mrefu mno, mgumu mno kwa kipimo cha wasomaji, na juu ya hayo unazisema mashine vibaya. Kapangiwa kazi ya uhusiano, kagoma. Mke kaona bora yeye aingie barabarani kuliko mume aandike asichokiamini. Nilichukia niliposoma. Si kwa sababu ya mashine, bali kwa sababu ya huyo mume! Vonnegut anataka tumheshimu, mimi nimemwona mzembe. Hapa ndipo fani inapomwangusha mwandishi: wanawake wake ni wahusika bapa. Anita, mke wa Paul, hana wazo kichwani ila mumewe apandishwe cheo.

Kosa jingine ni la maudhui. Katika Ilium, mhandisi ni wa mwisho kuguswa. Leo mashine imeanza na meza: karani, mfasiri, mchora matangazo, hata mwandika programu. Fundi bomba bado analala usingizi. Tena Vonnegut alidhani utepe ukisharekodiwa mashine haimhitaji mtu. Januari 2023 jarida la TIME liliandika habari za vijana wa Nairobi waliosoma maelezo ya ukatili na ubakaji kutwa nzima, kwa ujira wa chini ya dola 2 kwa saa, ili ChatGPT ifundishwe kutotoa uchafu huo. Hao hawamo katika riwaya yake, wala sijaona kwetu riwaya iliyowaweka. Kazi kwenu.

Tena hakufikiria kwamba watu wanaweza kukaa mezani wakabishana na tajiri. Kwake ni kutii au kuvunja. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148, wakarudi na mkataba unaosema mashine haihesabiwi kuwa mwandishi, na kampuni ikimpa mwandishi kitu kilichotungwa na mashine lazima imwambie.

Mwisho wa kitabu umewagawa wasomaji. Watu wanaasi, wanavunja mashine za Ilium, nzuri na mbaya pamoja. Moshi haujatulia, umati unakusanyika kuitengeneza mashine ya kuuza soda, soda yenyewe haipendwi na mtu! Rafiki yangu mmoja kaniambia hapo mwandishi kakata tamaa na binadamu. Mimi nimeusoma ukurasa ule mara tatu. Yule bwana anayeitengeneza tulishamwona nyuma, kanyong'onyea, hana shughuli. Sasa mikono ina grisi, anatabasamu, watu wamemzunguka wanampisha kama fundi mkuu.