Choc ya Roger Excoffon: Herufi Ijifanyayo Mkono

Herufi iitwayo Choc ilichorwa na Roger Excoffon, ikatolewa mwaka 1955 na Fonderie Olive, kiwanda cha kusubu herufi kilichokuwa Marseille, Ufaransa. Miaka miwili kabla yake kiwanda hicho kilikuwa kimetoa Mistral, iliyotokana na mwandiko wa Excoffon mwenyewe. Zote mbili hudai kuwa ni kazi ya mkono. Lakini Mistral ni mkono wa mtu aandikaye barua kwa haraka, ilhali Choc ni burashi iliyolowa wino, ikagandamizwa kwa nguvu, kisha ikainuliwa ghafla. Jina lenyewe kwa Kifaransa lina maana ya mgongano au mshtuko. Si herufi ya kusomea kitabu. Ni ya tangazo na ubao wa duka, kwa neno moja au mawili yatakiwayo kuonekana toka ng'ambo ya barabara.

Kwa kazi hiyo Choc imefaulu, na waionao kuwa kichekesho cha miaka ya hamsini hawaitendei haki. Excoffon alinasa katika risasi, madini mazito yasiyo na mwendo, kitu kigumu kunaswa: kasi.

Hata hivyo pana kasoro, nayo haimo katika herufi peke yake bali pia katika lugha iandikwayo kwayo. Mkono haurudii. Mchoraji wa mabango akiandika a mara nne ataandika a nne mbalimbali: moja imebanwa na jirani yake, nyingine imejinyoosha kujaza nafasi. Herufi ya risasi hurudia ile ile, na jicho likishaona a mbili zilizo sawa hadi alama ya mwisho ya unywele wa burashi, hila imefichuka. Neno la Kifaransa peinture lina herufi nane, na ni e pekee ijirudiayo. Barabara nalo lina nane, lakini maumbo ni matatu tu. Lugha yenye irabu tano, ambayo silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na ambayo hupenda kukariri mashina (polepole, sawasawa), huiumbua Choc upesi kuliko Kifaransa.

Tena kuna k na w. Kifaransa huzitumia hasa katika maneno ya kukopa. Katika Kiswahili ni nguzo: kwa, wakati, wakulima. Atakayeipima Choc kwa Kiswahili hana budi kuzitazama hizo kwanza, maana mchoraji wa Kifaransa hakuwa na sababu kubwa ya kuzihangaikia.

Herufi za kompyuta za leo zaweza kubeba a tatu au nne zipokezanazo zamu. Ni hila juu ya hila, ingawa yasaidia. Mchapaji asiye nazo ana njia nyepesi zaidi, nayo ni kuchagua neno. Maonyesho lapendeza katika Choc, kwani ni o tu irudiayo, nayo iko mbali na mwenzake. Barabara amwachie mchoraji wa mabango.