Kasiksi ya Rutshuru: udongo, nyasi na mtama

Mwaka 1923, wakulima wa zabibu wa Châteauneuf-du-Pape, kusini mwa Ufaransa, waliandikiwa masharti ya divai yao na Baron Pierre Le Roy. Shamba lilikubaliwa ikiwa ardhi yake ni kame kiasi cha kuotesha lavenda na taimu. Masharti mengine yalitaja aina za mizabibu, namna ya kuipogoa na kiwango cha chini cha kilevi. Mwaka 1936 sheria ikalilinda jina hilo. Ukifuata kazi ya kasiksi, pombe ya ndizi, katika vilima vya Bwisha, wilayani Rutshuru, mashariki mwa Kongo, utakuta masharti ya aina hiyo yapo na yanafuatwa, ingawa hakuna aliyeyaandika.

Tuanze na udongo. Lava za volkeno za Virunga zinajulikana na wanajiolojia kwa wingi wa potasiamu, na mgomba huila potasiamu kwa pupa. Mwinuko nao una kazi yake. Kutoka uwanda wa Rwindi hadi Jomba, chini ya mlima Sabinyo, nchi inapanda kwa mamia ya mita. Huko juu baridi huchelewesha mkungu miezi mingi kuliko bondeni.

Lakini udongo peke yake hautoi kasiksi. Ndizi ya kupika, hata uikande mpaka jioni, inabaki uji mzito. Inayotakiwa ni ndizi ya pombe, ile yenye ukakasi unaokausha ulimi. Ukakasi huo ni tanini. Tanini hushikana na protini za tunda, zikajitenga, na maji yakapata nafasi ya kutoka.

Ndizi huivishwa shimoni. Moto huwashwa kwanza ili kupasha udongo, majani makavu ya mgomba yakatandikwa, mikungu ikapangwa na kufunikwa vizuri. Kwa siku chache joto, pamoja na gesi inayotolewa na matunda yenyewe, hugeuza wanga kuwa sukari. Kisha ndizi humenywa, hutiwa kwenye mtumbwi wa mbao na kukandwa pamoja na nyasi. Hapa ndipo ustadi ulipo. Nyasi hushika nyama ya ndizi na kuyaachia maji yachuruzike yakiwa maangavu. Ukikanda kwa haraka au kwa nyasi chache, unapata tope. Maji ya kwanza ndiyo matamu kuliko yote, na anayeyazimua mno ameshaharibu pombe kabla haijachacha.

Halafu huja unga wa mtama uliokaangwa. Wengi husema ni wa rangi na ladha tu. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Zabibu huingia pipani na ganda lake, lenye chachu ya shambani. Ndizi imeshavuliwa ganda, kwa hiyo chachu lazima itoke kwingine: kwenye nafaka, kwenye nyasi, kwenye chombo kilichotumika jana. Mtama pia huilisha chachu hiyo, kwa maana maji ya ndizi yana sukari tele na virutubisho vichache.

Udhaifu wa kasiksi ni umri wake. Haiachi kuchacha, na baada ya siku chache bakteria wa siki huichukua. Ndiyo maana bidoni zinazoelekea Goma, safari ya kilomita zipatazo 70, hulegezwa vifuniko zisipasuke. Tangu vita viliporudi Rutshuru mwaka 2022, kila siku ambayo barabara ilifungwa imemgharimu mama muuza pombe mzigo mzima, na hasara hiyo haihesabiwi popote. Arusha divai ya ndizi hutiwa kwenye chupa na kusafiri mbali. Mkono wa Bwisha unastahili chombo kama hicho.

Kungekuwa na mtu wa kuandika masharti ya Rutshuru, ningeanza na ugonjwa. Mnyauko wa bakteria uligunduliwa Kivu ya Kaskazini, upande wa Masisi, mwaka 2001. Hukomaza mkungu kabla ya wakati na kutia madoa ya kahawia ndani ya ndizi. Wadudu huubeba kutoka ua la kiume la mgomba mmoja hadi mwingine, na panga huumalizia. Kwa hiyo sharti la kwanza: ua hilo livunjwe kwa kijiti cha panda mara kichana cha mwisho kinapotokea, wala lisikatwe kwa chuma. La pili lingekuwa kipimo cha maji katika mtumbwi.